Dengu kavu, za kuchemsha na za kopo: zipi zina protini zaidi, na uchukue zipi?

Pakiti ya dengu kavu imeandikwa gramu 20 za protini kwa kila gramu 100. Kopo lililo rafu ya pili limeandikwa 7. Ukifungua jedwali la vyakula, dengu zilizochemshwa zina 8.9. Msomaji wa haraka anatoka hapo na majibu mawili, yote mabaya: kwamba moto unaunguza zaidi ya nusu ya protini, na kwamba wenye viwanda wanatuuzia maganda. Moto haujala kitu, na kiwandani hakuna aliyeiba. Tarakimu zote tatu ni za kweli. Kinachozitofautisha ni maji.

Dengu ipi tunayoizungumzia

Huku Kanda ya Ziwa dengu ni ile punje yenye kidomo kilichochongoka, inayolimwa kwenye udongo mweusi wa mbuga huko Misungwi, Kwimba na Magu, ikipandwa mvua zinapoelekea kuisha na kukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Mkenya akikuambia ndengu anamaanisha choroko, kwa hiyo ukisoma mapishi ya jirani angalia picha kwanza. Adesi nazo ni kitu kingine: punje bapa, mara nyingi zikiwa nyekundu kwa kuwa zimekobolewa, na mjini hupatikana zaidi kwenye maduka yanayouza vyakula vya Kihindi. Hesabu iliyo hapa chini imefanywa kwa dengu, lakini kanuni ni ileile: adesi kavu zina kama gramu 24.6 za protini kwa kila gramu 100, zikichemshwa zinasoma gramu 9. Maharage pia hushuka namna hiyohiyo.

Jambo lingine la majina. Sokoni "kopo" ni kipimo, lile kopo la mafuta au la siagi linalotumika kupimia nafaka. Hapa kopo ni la kiwandani, lililofungwa, lenye dengu zilizokwisha iva ndani ya maji ya chumvi.

Vigezo vya kulinganishia

Vitano vinatosha, na tutavipitisha kwa kila aina kwa mpangilio uleule: protini inayofika sahanini, gharama kwa kila gramu ya protini, muda na moto, chumvi na vingine vilivyomo, halafu uhifadhi na namna zinavyoharibika. Ladha tumeiacha makusudi. Kila nyumba ina mkono wake.

Tarakimu kwanza

Kwa kila gramu 100:

| Hali ya dengu | Maji (g) | Protini (g) | Kilokalori |
|---|---|---|---|
| Kavu | 8 hadi 12 | 19 hadi 20.5 | 365 hadi 378 |
| Zilizochemshwa, bila chumvi | 60 | 8.9 | 164 |
| Za kopo, zilizochujwa | 67 | 7 | 139 |
| Za kopo, pamoja na maji yake | 78 | 4.9 | 88 |

Soma safu ya maji kabla ya safu ya protini. Kadiri maji yanavyopanda, protini inashuka, na hakuna kingine cha maana kinachotokea. Chukua gramu 100 za dengu kavu, ziloweke usiku mmoja kwenye bakuli, asubuhi zichuje na uziweke kwenye mizani: zitakuwa karibu gramu 200. Zichemshe hadi zilainike, zitafika kama 230. Protini yake bado ni zile gramu 20 za jana jioni, ila sasa zimetawanyika ndani ya gramu 230. Gawanya 20.5 kwa 2.3 na utapata 8.9, tarakimu ileile ya jedwali.

Njia ya pili ya kuhakikisha ni kuyaondoa maji kwenye hesabu kabisa na kuuliza: nikila kilokalori 100 za kila aina, napata protini kiasi gani? Kavu zinatoa gramu 5.4. Zilizochemshwa 5.4. Za kopo zilizochujwa 5.1. Hiyo tofauti ndogo ya kopo ni ya kweli, na sababu yake tutaifikia.

Usishangae pia kukuta jedwali moja likisema dengu kavu zina gramu 19 na lingine 20.5. Dengu zilizotoka shambani karibuni zina maji mengi kuliko zilizokaa ghalani miezi sita, na gramu tatu au nne za maji zinatosha kuisogeza tarakimu ya protini. Isitoshe, maabara nyingi hazipimi protini yenyewe. Zinapima naitrojeni, ambayo ni sehemu ya protini, kisha zinazidisha kwa 6.25 kukadiria protini. Kwa hiyo anayebishana juu ya nusu gramu anabishana na kikokotoo.

Wenyeji wa ziwani hawahitaji kufundishwa sana jambo hili, kwa sababu dagaa wana mtego uleule. Dagaa wakavu wa Mwaloni Kirumba wanasoma zaidi ya gramu 50 za protini kwa kila gramu 100, sangara mbichi hafiki nusu ya hapo. Lakini nani anakula gramu 100 za dagaa wakavu kwa mlo mmoja? Ukiwaloweka na kuwapika wanavimba, na kiganja kimoja kinajaza sahani.

Dengu kavu

*Protini sahanini.* Kilo moja ina takriban gramu 200 za protini na inatoa kilo 2.2 hadi 2.4 za dengu zilizoiva. Kikombe cha robo lita kilichojaa punje kavu ni kama gramu 200, kwa hiyo kinabeba gramu 40 za protini, na zikiiva zinatosha watu watatu. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50 kwa siku. Sahani yenye gramu 200 za dengu zilizoiva inampa 18 hivi, zaidi ya theluthi, kabla hata ya kuhesabu ugali.

Protini iliyoandikwa kwenye punje mbichi haikufai mpaka ipikwe, tena ipikwe kweli. Dengu mbichi zina vizuizi vinavyomzuia mtu kumeng'enya protini, na moto ndio unaovivunja. Ndiyo maana kuchemsha, ambako kwenye jedwali kunaonekana kama hasara, tumboni ni faida.

*Gharama.* Hapa kavu hazina mshindani, ila ujumlishe na moto. Kanuni ni bei ya kilo pamoja na bei ya mkaa au gesi, gawa kwa 200. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kilo ni shilingi 3,000 na mkaa wa kupikia ni 1,000: gramu moja ya protini inakugharimu shilingi 20. Weka bei za siku yako. Bei ya dengu haitulii, kwa kuwa mmoja wa wanunuzi wakubwa wa dengu zetu ni India, na mahitaji ya kule yakibadilika sado ya hapa nayo inayumba. Kwa kawaida wakati mzuri wa kununua nyingi ni mara baada ya mavuno.

*Muda na moto.* Huu ndio udhaifu wao, na ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Chambua kwanza, maana punje za udongo mweusi huja na vijiwe vya rangi yake. Mimina maji na uondoe zinazoelea: nyingi zimebunguliwa na ndani hazina kitu. Loweka saa 8 hadi 12, maji yawe mara tatu ya dengu. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye maji ya kulowekea hakizifanyi ngumu kama inavyosemwa. Kinasaidia ganda kulainika. Ukimaliza, mwaga maji hayo: yanaondoka na sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni, na protini inayopotea humo ni kidogo mno.

Kwenye jiko la mkaa tegemea saa moja na nusu hadi mbili baada ya kuloweka. Usijilinganishe na ndugu yako wa Dar es Salaam. Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Nyuzi nne zinaonekana ndogo, lakini kwa punje ngumu zinaongeza dakika nyingi. Sufuria ya presha, ile inayopiga mluzi, inaliondoa tatizo hilo kwa kupandisha joto zaidi ya nyuzi 110: dengu zilizolowekwa zinaiva kwa dakika 25 hadi 35, zile ndogo za kahawia zikichelewa kuliko kubwa nyeupe. Usiijaze kupita nusu, maana povu la dengu huziba tundu la mvuke.

Kipimo cha kuiva si saa. Toa punje moja, iache ipoe kidogo, ibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikigawanyika vipande viwili vyenye kiini cheupe chenye unga mkavu, rudisha kifuniko. Ikisagika yote kama viazi vya kuponda, imeiva.

Zikigoma kuiva, sababu huwa mojawapo kati ya tatu. Ya kwanza ni uzee: dengu zilizokaa mwaka au zaidi kwenye joto na unyevunyevu wa ziwani hubadilika ndani, na hata uchemshe mchana kutwa zinabaki na ugumu. Ya pili ni maji. Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani na ni mepesi, lakini maji ya baadhi ya visima yana chokaa, na chokaa hiyo inalikaza ganda. Ya tatu ni nyanya, ndimu au ukwaju kutiwa mapema: asidi inachelewesha kulainika, kwa hiyo viungo hivyo visubiri punje ziive. Magadi yanaharakisha, hilo ni kweli, lakini yanaua vitamini B1 na yakizidi dengu zinanukia sabuni. Nusu kijiko cha chai kwenye maji ya kulowekea nusu kilo, kisha suuza, yanatosha kabisa.

*Chumvi na vingine.* Hazina chumvi hadi utakapoitia wewe. Zina nyuzinyuzi nyingi, na zile za kahawia zinazidi nyeupe kwa kuwa ganda lake ni nene.

*Uhifadhi.* Chombo kikavu kinachofunga, mbali na sakafu. Adui mkubwa ni fukusi wa kunde, ambaye huingia punje zikiwa bado shambani. Mifuko isiyopitisha hewa humkosesha pumzi bila dawa. Ukiona unga mweupe chini ya gunia umechelewa.

Dengu zilizochemshwa

Hapa tunazungumzia hali mbili: unazochemsha nyingi kwa siku moja na kuzigawa kwenye friji, na unazonunua zimeiva kwa mama anayechemsha mtaani, kama wale wanaouza maharage kwa kikombe jioni.

*Protini sahanini.* Gramu 8.9 kwa kila gramu 100. Kikombe cha robo lita kilichochujwa maji kina kama gramu 165 za punje, sawa na gramu 14.5 za protini. Neno "kilichochujwa" ndilo lenye uzito. Mchuzi wa dengu wenye nazi unaweza kuwa nusu punje na nusu mchuzi, na hapo gramu 100 za upawa zinakupa 4 au 5 tu. Pima punje, usipime mchuzi. Ukinunua kwa kikombe, tazama muuzaji anachota kutoka juu ya sufuria au kutoka chini.

Maji ya kuchemshia, tofauti na ya kulowekea, yatumie kwenye mchuzi. Yamebeba protini kidogo na vitamini zinazoyeyuka.

*Gharama.* Ukichemsha mwenyewe ni ileile ya kavu, ila moto mmoja unahudumia milo minne. Ukinunua, bei ya kikombe igawe kwa 14.5. Kikombe cha shilingi 500, tena kwa mfano, kinakupa gramu moja kwa shilingi 34 hivi. Ni ghali kuliko kujipikia lakini mbali sana na bei ya kopo, na mtu anayeishi peke yake mara nyingi hapotezi: mkaa wa kuchemshia kikombe kimoja unakaribiana na mkaa wa kuchemshia kilo.

*Muda na moto.* Dakika kumi za kukaanga kitunguu na nyanya.

*Chumvi na vingine.* Inategemea mkono wa aliyepika. Muulize kama ametia chumvi na kama ametia magadi. Dengu za magadi zina rangi iliyokolea na ganda lake linabanduka ukizigusa. Protini haijaondoka, B1 ndiyo imeondoka.

*Uhifadhi.* Hapa ndipo zinaposhindwa. Kwa joto la mchana wa Mwanza, zisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Kwenye friji ni siku tatu hadi nne, kwenye friza miezi miwili au mitatu, zikiwa zimegawanywa kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja ili usiyeyushe zote. Zipoze haraka kwa kuzitandaza kwenye sinia. Sufuria kubwa ikifunikwa ikiwa ya moto hukaa na uvuguvugu hadi usiku, na bakteria hawaombi zaidi ya hapo. Zilizochacha zinatoa povu na ute kabla ya kutoa harufu. Kuzichemsha upya hakuziponyi, kwa sababu baadhi ya sumu za bakteria zinastahimili moto.

Dengu za kopo

*Protini sahanini.* Kopo la kawaida lina uzito wa gramu 400, lakini hizo ni punje pamoja na maji. Punje peke yake ni kama gramu 240. Kwa gramu 7 kwa kila mia, kopo zima linakupa gramu 17 za protini, mlo wa mtu mmoja mwenye njaa. Ili kuifikia kilo moja ya dengu kavu unahitaji makopo 12 hivi.

Lebo nyingi zimeandikwa kwa lugha za kigeni, basi tafuta tarakimu mbili za uzito: kubwa ni kopo na maji yake, ndogo ni punje zilizochujwa. Kisha angalia jedwali la virutubisho linahesabu ipi kati ya hizo. Likisema protini 7 kwa mia, linahesabu punje. Likisema karibu 5, linahesabu na maji, na kulilinganisha na la kwanza ni kulinganisha papai na juisi ya papai. Kuna pia lebo zinazohesabu kwa "mgawo" wa gramu 130. Zirudishe kwanza kwenye 100.

Sasa ile tofauti ndogo. Dengu za kopo zinamalizia kupikwa ndani ya kopo lililofungwa, kwa joto linalokaribia nyuzi 120, halafu zinakaa kwenye maji yake miezi mingi. Zinanywa maji kuliko za sufuriani, asilimia 67 dhidi ya 60, na sehemu ndogo ya protini inayoyeyuka inahamia kwenye yale maji mazito ya rangi ya majani makavu. Katika kopo la gramu 400 hiyo ni kama gramu 2 hadi 3. Ndiyo inayoyafanya yatoe povu ukiyapiga kwa mchapo, na wapo wanaoyatumia badala ya ute wa yai kwenye keki. Ubora wa protini iliyobaki kwenye punje ni ule ule.

*Gharama.* Bei ya kopo gawa kwa 17. Kopo la shilingi 3,500 katika mfano wetu linaweka gramu moja kwenye shilingi 206, mara kumi ya kavu. Makopo haya husafiri kutoka nje ya nchi, na unalipia bati, maji na meli.

*Muda na moto.* Hakuna. Unafungua, unachuja, unakula, hata kama umeme umekatika na gesi imeisha. Kwa saladi ni bora kuliko za jikoni, kwa sababu punje zimebaki nzima na karibu zote ni zile kubwa nyeupe.

*Chumvi na vingine.* Dengu za kopo zilizotiwa chumvi na kuchujwa zina kama miligramu 246 za sodiamu kwa kila gramu 100. Kopo zima ni karibu gramu 1.5 za chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku. Kuchuja peke yake kunaondoa sehemu ya chumvi pamoja na maji ya kopo, na kuzisuuza chini ya bomba kunapunguza tena kidogo bila kugusa protini kwa kiasi cha kuhesabika. Yapo makopo yasiyotiwa chumvi, soma lebo.

*Uhifadhi.* Miaka, likiwa zima. Kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye mshono litupwe bila kuonjwa, maana sumu ya botulizimu haina ladha. Ukishalifungua hamishia dengu kwenye bakuli lenye kifuniko, friji, siku tatu.

Kisichotofautiana

Kwa aina zote tatu, protini ya dengu ina laisini nyingi na upungufu wa methionini, ambavyo ni vijenzi viwili vya protini. Mahindi na mchele ni kinyume chake. Ndiyo maana ugali kwa dengu, au wali kwa dengu, ni mlo uliokamilika kuliko kila kimoja peke yake, na si lazima vikutane kwenye sahani moja, siku moja inatosha. Madini ya chuma yaliyomo huingia mwilini vizuri ukikamulia ndimu mezani, na huzuiwa na chai. Chai isubiri saa moja.

Unga wa dengu, ule wa bajia, usiusahau ukiwa unalinganisha. Una gramu 22 hivi kwa mia kwa sababu nao ni mkavu. Ukiukoroga kwa maji na kuukaanga, hesabu inashuka kama zilivyoshuka nyingine.

Uchukue zipi, kwa hali yako

Familia ya watu watano au zaidi, yenye jiko la mkaa linalowaka kila siku: kavu. Loweka ukienda kulala, bandika wakati moto unapikia kitu kingine. Kadiria gramu 80 za punje kavu kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto.

Mama lishe: kavu, pamoja na sufuria ya presha kubwa. Akiba ya mkaa hulipa sufuria hiyo mapema kuliko unavyodhani. Gawio la sahani lipime kwa punje zilizochujwa, la sivyo mteja wa kwanza atapata dengu na wa mwisho atapata supu.

Mwanafunzi wa hosteli kule Malimbe au Nyegezi, mwenye birika la umeme na bakuli: za kununua zimeiva kama muuzaji yupo karibu na unazila jioni ileile. Hayupo, weka makopo mawili kwa ajili ya wiki ya mitihani, mengine usiyafanye desturi. Wenzako wawili wakichangia sufuria na uniti za luku, hesabu inahamia kwenye kavu mara moja.

Anayefanya kazi mchana kutwa na ana friji: chemsha kilo nzima Jumapili, gawa mifuko minane ya gramu 280 hivi. Kila mfuko una protini gramu 25, kopo moja na nusu.

Mwenye shinikizo la damu, au anayempikia mtu wa namna hiyo: kavu au za kuchemsha nyumbani bila chumvi. Kopo likilazimu, liwe lisilotiwa chumvi, au lisuuzwe na chumvi nyingine isiongezwe. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze protini au potasiamu asitumie tarakimu za hapa kujipangia, aende nazo kwa mtaalamu wake wa lishe.

Anayejenga mwili na kupima kila mlo: chagua yoyote, mradi upime katika hali ileile uliyoiandika. Kosa la kawaida ni kupima gramu 150 za dengu zilizoiva na kuandika protini ya dengu kavu, 30. Umekula 13.

Mtoto aliyeanza kula vyakula vya familia: za kuchemsha nyumbani hadi zisagike, ganda limetolewa, zimepondwa. Punje nzima inaweza kumkaba.

Kambi ya wavuvi visiwani, Ukerewe au Kome, ambako kuni ni za kununua na boti ya mahitaji huja kwa siku zake: kavu kwa ajili ya kambi, kwani gunia moja linabeba protini ya makopo zaidi ya elfu moja na halihitaji friji. Zilowekwe watu wakiwa majini usiku, zibandikwe asubuhi wanaporudi. Makopo machache yabaki kwenye boti kwa ajili ya usiku ambao injini imezima na jiko haliwezi kuwashwa, pamoja na kifungulio chake kilichofungwa kwa kamba, kwa sababu hicho ndicho kinachosahaulika nchi kavu.